Vijana wasiojua mwiko walijengaje ukuta wa miaka 90?

Swali la msomaji: "Mhandisi, shikamoo. Mimi ni fundi mwashi, niko Mbeya. Kijana wangu kanionyesha kwenye simu picha ya ukuta wa mawe kando ya barabara ya mlimani huko Marekani. Eti ulijengwa miaka ya 1930 na vijana waliokosa kazi, serikali ikawakusanya na kuwapa sululu, na hadi leo umesimama. Mtaani kwetu tulijengewa mtaro wa mawe na vibarua wa ajira ya muda, kila wiki mbili wanabadilishwa ili na wengine wapate chochote. Masika ya kwanza tu ubavu wake ukalala. Nakutumia picha ya ukuta wao na picha nne za mtaro wetu. Watu wasiojua hata kushika mwiko waliwezaje? Na lile bwawa kubwa la Hoover nalo ni la mpango huo huo? Na ni kweli kuna watu waliofukiwa ndani ya zege lake?"

Marahaba, fundi. Umeuliza maswali matatu, na picha zako zina la nne ambalo hukuliuliza. Nianze na vijana.

Ni kweli, wengi hawakujua kushika mwiko. Walikuwa na umri wa miaka 18 hadi 25, wametoka mijini au kwenye mashamba yaliyofilisika, na kazi ya mshahara hawakuwahi kuionja kwa sababu walifikia umri wa kuajiriwa wakati ajira zenyewe zimekwisha. Soko la hisa la New York lilianguka Oktoba 1929. Kufikia mapema 1933, katika kila wafanyakazi wanne wa Marekani mmoja hakuwa na kazi, jumla yao karibu watu milioni 13. Franklin Roosevelt aliapishwa kuwa rais tarehe 4 Machi 1933, na kabla mwezi huo haujaisha alikuwa ameshatia saini sheria iliyozaa CCC, ambacho tunaweza kukiita Kikosi cha Raia cha Uhifadhi. Katikati ya Aprili kambi ya kwanza ilikuwa imesimama msituni Virginia. Wiki sita toka kiapo hadi mahema! Sisi wa serikalini tunajua wiki sita hazitoshi hata kupitisha hati ya manunuzi.

Mpango ulikuwa hivi. Kijana analipwa dola 30 kwa mwezi, lakini 25 hazipiti mkononi mwake, zinakwenda moja kwa moja kwa wazazi. Tano zinazobaki ni za sigara na sinema. Chakula, nguo na kitanda ni juu ya kambi, yenye watu kama 200. Wizara ya Kazi iliandikisha, jeshi likaendesha kambi, na kazi yenyewe ikasimamiwa na wataalamu wa misitu na wa hifadhi za taifa. Hadi kikosi kinavunjwa mwaka 1942, karibu vijana milioni 3 walikuwa wamepita humo, na walikuwa wamepanda miti inayokadiriwa kufika bilioni 3. Zaidi ya 40,000 walijifunza kusoma na kuandika kambini, jambo ambalo halionekani kwenye picha yoyote ya ukuta.

Ila hawakujenga peke yao, fundi, na hapo ndipo lilipo jibu lako. Tangu mwaka huo wa kwanza mpango uliruhusu kuajiri watu wazima wa maeneo jirani na kambi, wenye kazi yao mikononi: waashi, maseremala, wapasua mbao, watu waliojua jiwe la mlima ule linapasuka upande gani. Hesabu ya mwanzo ilikuwa nafasi 25,000. Kwenye makaratasi waliitwa "wenyeji wenye uzoefu". Sababu mojawapo ya kuwaajiri ilikuwa ya kisiasa, maana mwenyeji asiye na kazi akiona vijana wa mbali wanashushwa kwenye malori kuja kujenga kwao, atanuna, na mbunge wake atanuna naye. Lakini kiufundi uamuzi huo ndio uliookoa kazi nzima. Mtu kama wewe angekabidhiwa vijana kadhaa, awaonyeshe jiwe moja linavyolazwa, alibomoe wakilaza vibaya, walilaze tena.

Na vijana hawakubadilishwa kila wiki mbili. Mkataba ulikuwa wa miezi sita, na aliyetaka aliweza kuongeza hadi kufika miaka miwili. Wewe mwenyewe umeshafundisha wasaidizi, unajua mtu wa wiki ya pili bado anauliza karai liko wapi. Wa mwezi wa tano anakukabidhi jiwe kabla hujalitaja.

La pili ni michoro. Mdororo ule wa uchumi haukuchagua vibarua peke yao, uliwaacha bila kazi na wasanifu majengo na wahandisi, na wengi wao waliingia katika idara ya hifadhi za taifa. Mwaka 1935 idara hiyo ilitoa kitabu cha michoro na picha za kazi zilizofanyika vizuri, kilichoandaliwa na msanifu Albert Good, ili msimamizi wa kambi aliye porini awe na kitu cha kuiga. Mafundisho yake juu ya jiwe yangekufurahisha. Jiwe lilazwe kama lilivyolala ardhini, matabaka yake yakiwa ya mlalo, kamwe yasisimamishwe. Ukubwa wa mawe uchanganywe. Ni mambo ambayo mwashi yeyote wa zamani aliyajua, tofauti ni kwamba hapa yaliandikwa, yakachorwa na kusambazwa nchi nzima.

La tatu, na hili ndilo ambalo watu wa fani yangu hulisahau, ni sheria ya fedha. Ili uielewe inabidi nikutenganishie mifuko, kwa sababu kwenye simu ya kijana wako yote imechanganywa ikawa "mpango wa Roosevelt".

Ukiacha CCC ya vijana, kulikuwa na mifuko miwili mikubwa ya ujenzi. Wa kwanza ni PWA (Public Works Administration), ulioanzishwa Juni 1933 kwa dola bilioni 3.3 na kukabidhiwa Harold Ickes, waziri wa mambo ya ndani. Ickes alikuwa mwenye hofu ya wizi. Kila mkataba aliupekua, kila mchoro ukapimwa, na kazi zikapewa wakandarasi binafsi. Matokeo yake ni vitu vikubwa vya chuma na zege: daraja la Triborough la New York lililofunguliwa 1936, handaki la Lincoln chini ya mto Hudson, mahospitali, na shule nyingi mno. Mradi wa namna hiyo unanunua mashine na saruji kwanza, watu baadaye.

Wa pili ni WPA (Works Progress Administration), ulioanza Mei 1935 chini ya Harry Hopkins, mtu aliyetoka kwenye kazi za ustawi wa jamii. Hopkins hakuwa na subira ya Ickes. Aliwahi kujibiwa kwamba uchumi utajirekebisha wenyewe baada ya muda mrefu, naye akasema watu hawali baada ya muda mrefu, wanakula kila siku. Kwa hiyo WPA iliajiri watu moja kwa moja, kwa kawaida mmoja katika kila kaya, kwa mshahara ulioanzia dola 19 kwa mwezi kwa kibarua wa vijijini Kusini hadi 94 kwa fundi wa mijini Kaskazini. Hadi unafungwa mwaka 1943 ulikuwa umewapa kazi watu wapatao milioni 8.5. Fedha yake ilikusudiwa mishahara. Vifaa kwa sehemu kubwa vililetwa na mwenye mradi, yaani mji, wilaya au jimbo, na huyo huyo ndiye aliyebaki na jukumu la kutunza kitu kikishakamilika.

Sasa fikiria, fundi. Umepewa watu mia nne, umepewa fedha ya kuwalipa, lakini ya kununulia vifaa ni kidogo. Utajengea nini? Utajengea kile ambacho ni bure na kinakula muda: mawe ya mlima ulio mbele yako na magogo ya msitu ulio nyuma yako. Kuchonga jiwe kwa mkono ni upotevu wa fedha kwa mkandarasi. Kwa WPA huo ndio ulikuwa ufanisi wenyewe, kwa sababu kila saa ya tindo ilikuwa mkate wa mtu.

Hili nililiona kwa macho yangu Oregon, kwenye mlima Hood, katika hoteli ya Timberline. Iko mita kama 1,800 juu ya usawa wa bahari, kwenye mpaka ambapo miti hukoma na theluji kuanza. WPA iliijenga kwa muda wa miezi 15 hivi, na Roosevelt akaenda mwenyewe kuizindua Septemba 1937. Katika gharama za jengo, karibu asilimia 80 ilikuwa malipo ya kazi. Fundi alipata senti 90 kwa saa, kibarua senti 55.

Nilipopanda ngazi za ndani nilisimama kwenye nguzo ya mkono wa ngazi, ile ya mwanzo ambayo kila mtu huishika akipinda kona. Kichwa chake kimechongwa mnyama, kila nguzo na mnyama wake, na vichwa vimeng'aa kwa viganja vya watu vya miaka karibu tisini. Nguzo zile zilikuwa nguzo chakavu za nyaya, za mti wa mwerezi, zilizokuwa zimeshatupwa. Vishikilio vya magogo kwenye mahali pa moto vimefuliwa kutokana na vipande vya reli ya zamani. Pazia la kuzuia cheche limetengenezwa kwa minyororo ya matairi, ile inayofungwa gari lisiteleze kwenye theluji. Mazulia ya kwanza yalisukwa na wanawake wa WPA kutokana na mablanketi na sare zilizochakaa za kambi za CCC. Kwa kuwa fedha ya kununua haikuwapo, mtu alikaa siku nzima na reli kuukuu akaifanya kitu ambacho leo watalii wanakipiga picha. Nilirudi chumbani nikaona aibu kidogo, kwa sababu mimi ni mtu wa kuandika "vifaa havikupatikana kwa wakati" kwenye ripoti.

Kwa hiyo ukuta wa kwenye picha yako ni mtoto wa mambo matatu yaliyokutana: mwashi mwenyeji, mchoro uliofikiriwa, na bajeti iliyolazimisha mikono kuliko mashine.

Tuje kwa Hoover. Si la mpango huo, ingawa liliusubiri njiani. Bunge la Marekani liliidhinisha bwawa hilo mwaka 1928, kabla soko la hisa halijaanguka, na ujenzi ulianza 1931 wakati Herbert Hoover bado ni rais. Mkandarasi alikuwa muungano wa makampuni ulioitwa Six Companies. Roosevelt alilikuta linaendelea, fedha za PWA zikasaidia kulimalizia, na yeye ndiye aliyelizindua tarehe 30 Septemba 1935. Hata jina lilipiganiwa: Ickes alilifuta la Hoover akataka liitwe Boulder, na mwaka 1947 Bunge likalirudisha. Watu waliofanya kazi pale kwa jumla ni kama 21,000, na siku zenye watu wengi zaidi, mwaka 1934, walikuwa zaidi ya 5,200 kwa pamoja. Lilikuwa kimbilio la wasio na kazi bila kuandikwa kuwa mpango wa wasio na kazi, na kwa vigezo vya leo lilikuwa kimbilio baya. Wafanyakazi waligoma Agosti 1931 kwa sababu ya malipo na joto la bonde lile, na Wamarekani weusi walioajiriwa walikuwa wachache mno.

(Daraja la Golden Gate nalo huwekwa kwenye kapu hili kwa makosa. Lilijengwa kwa hati za dhamana, yaani fedha ya mkopo, zilizopigiwa kura na wananchi wa wilaya za huko California mwaka 1930, dola milioni 35. Linafanana na la Roosevelt kwa sababu lilikuwa likijengwa miaka hiyo hiyo, 1933 hadi 1937.)

Kuhusu zege la Hoover nitakaa kidogo, maana wewe unamwaga zege na utaelewa haraka kuliko wasomaji wengine. Unajua zege likiganda hutoa joto. Kwenye nguzo ya nyumba joto hilo huondoka usiku mmoja, hulioni. Bwawa la Hoover lina kimo cha mita 221 na zege lake ni zaidi ya mita za ujazo milioni 2.4. Wahandisi walipiga hesabu wakaona kwamba wakimwaga kwa mfululizo kama jiwe moja, joto lingechukua zaidi ya miaka mia moja kuisha, na wakati huo wote zege lingekuwa linasinyaa na kupasuka. Basi walilijenga kama mnara wa matofali makubwa. Waligawa bwawa kwenye visanduku vya mbao, kila kimoja kinamwagwa kwa kina cha futi tano tu, na juu ya kila tabaka wakalaza mabomba ya chuma ya inchi moja. Humo wakapitisha maji ya mto kwanza, kisha maji yaliyopozwa na mtambo wa barafu uliojengwa pale pale. Mabomba hayo, ukiyaunganisha, yanafika karibu kilomita 940. Zege lilipopoa, wakayajaza rojo la saruji na kuyaacha humo humo. Nyufa za kati ya vitalu nazo zikajazwa rojo hilo, likawa jiwe moja kweli.

Sasa jibu la watu waliofukiwa limo ndani ya maelezo hayo. Ndoo ya winchi ilibeba tani kama 20 za zege, ikifunguka inatandaza kina kisichozidi sentimita chache kwenye eneo la kisanduku. Chini yake wapo wanaume wa mabuti marefu wanaolikanyaga na kulisukuma kwenye kona. Huwezi kuzama hapo, hata ukilala. Na hata kama mtu angefunikwa, mhandisi gani angemwacha? Mwili ungeoza na kuacha tundu ndani ya ukuta unaozuia ziwa. Mara moja mwaka 1933 ubao wa kisanduku uliachia na zege likamwangukia mfanyakazi. Alikufa, lakini walichimba kwa saa nyingi hadi wakautoa mwili wake. Vifo rasmi vya ujenzi ule ni 96: waliopondwa na mawe, walioanguka, waliolipukiwa na baruti, waliokufa maji. Hakuna aliyebaki ndani.

Ajabu ni kwamba bwawa lenye watu ndani lipo, isipokuwa hakuna anayelisimulia. Ni Fort Peck, kule Montana kwenye mto Missouri, na hilo ni la Roosevelt kabisa, lilianza 1933 kwa fedha za PWA. Ni bwawa la udongo. Tarehe 22 Septemba 1938, likikaribia kwisha, ubavu wake mmoja uliporomoka. Wanaume wanane walikufa, na sita kati yao hawakupatikana. Wamo ndani ya tuta hadi leo.

Sipendi kukuacha ukidhani kwamba kila kilichojengwa miaka ile kilikuwa chuma cha pua. Tunachokiona ni kilichobaki. Barabara nyingi kati ya zile kilomita milioni moja na zaidi za WPA zilikuwa za changarawe, na magari yamezila zamani. Kwenye barabara ya mlimani ya Skyline, Virginia, kuta nyingi za vijana wa CCC zilipangwa mawe makavu bila saruji, na baada ya miongo mitano zikabidi kujengwa upya zikiwa na kiini cha zege ndani. Magazeti ya wakati ule yalimchora kibarua wa WPA akiwa ameegemea koleo lake, na si kila mchoro ulikuwa uongo. Na mipango yote hiyo haikuumaliza mdororo: Roosevelt alipobana matumizi mwaka 1937 uchumi ulizama tena, na ni vita vilivyokuja kuzimaliza foleni za wasio na kazi.

Jengo ninalolipenda kuliko yote halipo kwenye kadi za posta. Ni choo cha shimo. WPA ilijenga vyoo vya shimo zaidi ya milioni 2.3 vijijini, kwa kuwa majimbo ya kusini mwa Marekani wakati ule yalikuwa yanaliwa na safura. Ndiyo, safura hii hii unayoijua, minyoo inayopenya nyayo za mtoto anayekwenda pekupeku. Choo chenyewe kilikuwa jamvi la zege juu ya shimo, kiti cha mbao chenye mfuniko unaofunga vizuri nzi asiingie, bomba la hewa na kibanda cha mbao. Mwenye nyumba alitoa vifaa, WPA ikatoa watu. Wanasiasa walivicheka wakavibatiza majina ya rais na mkewe. Vingi vimeoza au kugeuzwa stoo za majembe, na wanaoutafuta urithi wa miaka ile hawavihesabu kwa sababu havina mawe ya kuchonga. Ukiniuliza ni mradi gani ulimgusa mwanadamu kwa bei ndogo zaidi, nitakuonyesha jamvi lile kabla ya daraja lolote.

Kuna na upande ambao mawe hayausemi. Sheria ya CCC ilikuwa na kifungu kinachokataza ubaguzi wa rangi, kilichoingizwa na Oscar De Priest, mbunge pekee mweusi wakati huo. Mkurugenzi wa kikosi, Robert Fechner, alikisoma kwa namna yake, na kuanzia 1935 kambi zikatenganishwa, weusi kwao na weupe kwao. Wanawake hawakuruhusiwa kuingia CCC kabisa. Mabwawa nayo yalihamisha watu: Norris, la kwanza la mamlaka ya bonde la Tennessee, liliziondoa familia karibu 3,000, na makaburi yakafukuliwa kwa maelfu kuhamishwa. Grand Coulee, lililojengwa kuanzia 1933 kwenye mto Columbia, halina njia ya samaki kupanda. Samoni waliokuwa wakirudi kutoka baharini kwenda kutaga walikuta ukuta. Mwaka 1940, kabla maji hayajayafunika maporomoko ya Kettle ambako makabila ya wenyeji yalivua kwa vizazi, watu walikusanyika kwa siku tatu kuyaaga. Wanaiita Sherehe ya Machozi.

Huku kwetu Tanganyika miaka hiyo mdororo ulikuja na sura nyingine. Bei ya mkonge na kahawa ilianguka, mashamba yakapunguza watu, serikali ya kikoloni ikapunguza makarani, kodi ikabaki pale pale. Aliyekosa shilingi za kodi aliweza kulazimishwa kuilipa kwa jasho, mara nyingi kwenye barabara. Nazo ni kazi za umma za wakati wa mdororo, fundi, ila hakukuwa na dola 25 za kumtumia mama.

Nirudi kwenye picha zako. Nimezikuza kadiri simu ilivyoruhusu.

Kwenye ukuta wa Marekani tazama mstari wa chini: mawe makubwa kuliko yote, yamelala, hakuna lililosimama. Tazama ncha ya kulia, pale ukuta ulipokatika. Utaona jiwe moja refu limeingia ndani hadi mgongoni, limefunga uso wa mbele na wa nyuma. Kila hatua chache lipo lingine. Saruji kati ya mawe imezama ndani, haionekani sana, kwa sababu mzigo unabebwa na jiwe juu ya jiwe.

Kwenye mtaro wenu mawe yamesimamishwa kama vitabu rafuni, uso mpana ukiangalia barabara ili kazi ionekane nzuri. Viungo vimechorwa mistari ya saruji iliyotokeza, imenyooka, imepakwa hadi rangi nyeusi. Aliyeifanya ana mkono mzuri, usimdharau. Nyuma ya uso huo, kwenye picha ya tatu pale ulipolala, naona kifusi na udongo mfinyanzi vimeshindiliwa moja kwa moja kwenye mawe, bila hata tabaka la kokoto. Jiwe la kufungia sikuliona hata moja.

Na kwenye ukuta wa Marekani, chini kushoto, kuna kitundu cheusi cha mraba ambacho huenda ulidhani ni jiwe lililong'oka. Halikung'oka. Ni tundu la kutolea maji yanayojikusanya nyuma ya ukuta, ili udongo ukilowa usiusukume. Mbele kidogo kuna lingine. Nimelitafuta tundu kama hilo kwenye picha zako zote nne, nikahesabu hatua hadi hatua. Hakuna.